Bambo limeingia wapi kwenye gunia?

Mama yangu ameuza mchele Mwanza kwa zaidi ya miaka 20, na kitu cha kwanza alichonifundisha kibandani kwake hakikuwa mizani. Kilikuwa bambo. Asiyekulia sokoni huenda hajawahi kuliona: ni kichuma chenye ncha na mfereji ndani, unakichoma ubavuni mwa gunia, na punje zinateremkia kiganjani bila gunia kufunguliwa. Wanunuzi wageni walichoma mara moja karibu na mdomo, wakatafuna punje mbili tatu, wakalipa. Wazoefu, hasa akina mama waliovuka kutoka Ukerewe, walichoma juu, wakachoma katikati, kisha wakaomba gunia lilazwe wachome na chini kabisa. Mama hakuwakasirikia. "Huyo ndiye mnunuzi," aliniambia. "Yule mwingine kanunua mdomo wa gunia, hajui kabeba nini." Kila aliyewahi kujaza gunia anajua mchele mzuri huwekwa wapi.

Nimelikumbuka bambo mwaka huu kwa sababu ya baba mdogo. Anaishi Igogo na ana presha. Kwa miaka mingi amekuwa akimeza kidonge kila asubuhi. Siku moja gari la matangazo lilipita mtaani kwake likinadi kinywaji cha mitishamba: watu 9 kati ya 10 waliokitumia wamepona presha, kisukari na maumivu ya mgongo. Akanunua chupa mbili. Akajisikia vizuri. Akaacha vidonge, na hakumwambia mtu hadi asubuhi alipoanguka akitoka bafuni. Kituo cha afya walipompima, namba ya juu ilikuwa imepita 190.

Yuko salama, tunamshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikulala. Baba mdogo ni fundi seremala, mtu anayepima ubao mara mbili kabla ya kuukata. Kupima anajua. Alichokosa ni swali ambalo akina mama wa Ukerewe huliuliza kwa mikono tu: punje hizi zimetoka sehemu gani ya gunia? Nataka kulieleza swali hilo kwa urefu, kwa kuwa ndilo hilo hilo linalohitajika mbele ya tangazo la dawa, mbele ya kura ya maoni inayosomwa redioni, na mbele ya nadharia ya sayansi.

Tuanze na hao 9 kati ya 10. Nilimtafuta muuzaji, nikamuuliza aliwahesabu akina nani, na alinijibu bila kunificha: wateja wake. Yaani wale waliorudi kununua chupa nyingine. Aliyekunywa asione nafuu hakurudi. Aliyezidiwa alipelekwa hospitali, na aliyefariki hana wa kumtolea ushuhuda. Sidhani muuzaji yule alidanganya. Alichoma bambo mdomoni mwa gunia, akaamini alichokiona.

Tuliokuwa watu wazima mwaka 2011 tunakumbuka jambo la namna hiyo kwa ukubwa wa nchi nzima. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge kwa shilingi 500, na magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Simsemi vibaya marehemu; shilingi 500 si bei ya mtu mwenye tamaa. Nasema tu habari zilivyotufikia sisi tuliobaki nyumbani. Aliyerudi akijisikia mzima alizunguka mtaa mzima akisimulia. Aliyerudi vilevile alikaa kimya, wengine kwa aibu, wengine kwa kuogopa kuonekana hawana imani. Masikio yetu yalikuwa yanapokea punje za juu tu.

Kuna na jambo la pili, na hili huwapita hata watu waliosoma. Mtu hununua dawa lini? Siku mgongo umembana kuliko siku zote, siku kichwa kinapasuka. Maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo ukianza kuhesabu kutoka siku ile mbaya kabisa, siku zinazofuata zina uwezekano mkubwa wa kuwa nafuu, hata ungekunywa maji matupu. Na presha ina hila zaidi: mara nyingi haijisikii kabisa. Baba mdogo alijisikia vizuri, kweli, na mishipa yake ilikuwa inaumia wakati uleule. Ndiyo maana "mimi nilitumia nikapona" haitoshi. Lazima awepo mtu wa kulinganisha naye, aliye na hali kama yako siku kama ile, ambaye hakutumia.

Makampuni makubwa nayo yana namna yake ya kuchoma bambo. Mwaka 2007 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza iliizuia Colgate kuendelea kutangaza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanaipendekeza. Madaktari waliulizwa kweli, na hesabu ilikuwa sahihi. Shida ilikuwa kwenye swali: daktari aliruhusiwa kutaja dawa za meno kadhaa kwa pamoja, na wengi walitaja na nyingine. Msikilizaji wa tangazo alielewa kwamba madaktari wameichagua Colgate wakaziacha nyingine. Ukisikia asilimia yoyote, tafuta swali lililoulizwa, neno kwa neno.

"Huua asilimia 99.9 ya vijidudu" ni jirani yake. Namba hiyo kwa kawaida hutoka maabara, kwa vijidudu vilivyochaguliwa, kwa kipimo na muda uliopangwa, wala si kwenye mikono ya muuza samaki aliyejimwagia tone moja huku anatembea. Na "hadi", kama katika "weupe hadi mara tatu", ni neno la kutiliwa mashaka kila linapotokea, maana sifuri nayo imo ndani ya hadi tatu.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, na ni wa kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walifanya jaribio katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, wakati UKIMWI unatumaliza na vidonge vya ARV havijafika huku. Walikuwa na nadharia: mtu mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa, kisonono au vidonda vya sehemu za siri, huambukizwa na kuambukiza VVU kwa urahisi zaidi. Kama ni kweli, basi ukiboresha matibabu ya magonjwa hayo katika zahanati na vituo vya afya, maambukizi mapya ya VVU yatapungua. Na kama si kweli, hayatapungua. Tazama walivyojiweka mahali ambapo matokeo yangeweza kuwaumbua.

Walichukua jamii 12 wakazipanga jozi sita, kila jozi jamii mbili zinazofanana. Katika kila jozi kura iliamua ni ipi iboreshewe huduma kwanza: wahudumu wafundishwe, dawa zisikatike, wasimamizi wapite. Nyingine ingesubiri. Kisha katika kila jamii wakachagua kwa bahati nasibu watu wazima wapatao 1,000, wa umri wa miaka 15 hadi 54. Hawakuwapima waliokuja zahanati tu, kwa kuwa anayekuja zahanati ni punje ya mdomoni. Walikwenda majumbani kwa watu.

Baada ya miaka miwili waliwafikia tena asilimia 71 ya watu wao. Kati ya waliokuwa hawana VVU mwanzoni, katika jamii zilizoboreshewa huduma walikuwa wameambukizwa 48 kati ya 4,149, yaani asilimia 1.2. Katika jamii nyingine walikuwa 82 kati ya 4,400, yaani asilimia 1.9. Jozi zote sita zilielekea upande mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet na dunia ikatangaza kwamba maambukizi Mwanza yamepungua kwa takriban asilimia 40.

Hapa shika kalamu. Kutoka 1.9 hadi 1.2 ni tofauti ya 0.7. Sasa hiyo 40 imetoka wapi? Ni 0.7 ikigawanywa kwa 1.9, yaani kama asilimia 37, na baada ya watafiti kusawazisha tofauti nyingine za jamii hizo walifika kwenye 42. Ukisema "yamepungua kwa asilimia 40" ni kweli. Ukisema "katika kila watu 1,000, saba wameepushwa kwa miaka miwili" nayo ni kweli. Ya kwanza inasikika kama muujiza na ya pili kama kitu kidogo, lakini saba katika kila 1,000 kwa mkoa wenye watu wengi kama wetu ni misiba mingi ambayo haikuwekewa turubai. Watafiti waliandika zote mbili. Muuzaji wa dawa atakupa moja tu, ile kubwa. Ukisikia kitu kinapunguza hatari kwa nusu, uliza: nusu ya ngapi? Kutoka wawili katika milioni hadi mmoja ni nusu. Kutoka 400 katika 1,000 hadi 200 pia ni nusu.

Hadithi haikuishia hapo, na mwisho wake ndio unaonifanya niiheshimu sayansi. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, wilayani Rakai nchini Uganda, watafiti wengine waliijaribu nadharia ileile kwa njia nyingine: walimtibu kila mtu mzima nyumbani kwake kila baada ya miezi kumi, awe na dalili au asiwe nazo. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Maambukizi ya VVU hayakupungua hata kidogo.

Mtu mwenye haraka atasema mmoja kakosea. Walioketi na data waliuliza maswali ya bambo. Mwanza ugonjwa ulikuwa bado mchanga, karibu watu 4 kati ya 100 walikuwa na VVU. Rakai ulikuwa umekomaa, zaidi ya 15 kati ya 100. Pale ulipokomaa, maambukizi mengi hayategemei tena magonjwa ya zinaa ili yapite. Tena Mwanza mwenye dalili alitibiwa siku yoyote aliyokwenda, wakati Rakai aliyeambukizwa kisonono wiki moja baada ya timu kupita alisubiri zaidi ya miezi tisa. Magunia mawili tofauti, yamechomwa kwa mabambo mawili tofauti. Nadharia haikufa, ila ilipata mipaka: inafanya kazi wapi, lini, kwa namna gani. Ninawaomba sana waandishi wenzangu wa habari za afya walikumbuke hili kabla ya kuandika "wanasayansi wajichanganya."

Kuhusu kura za maoni, malalamiko ninayoyasikia kila siku kijiweni ni haya: "Mimi sijaulizwa, jirani yangu hajaulizwa, wamewauliza watu 1,000 tu, watajuaje nchi nzima?" Naelewa kwa nini watu wanasema hivyo, lakini hapo ndipo hofu imekaa mahali pasipo pake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na 3,699,872 mkoani Mwanza. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli wanakupa jibu lenye kuyumba kwa asilimia kama tatu juu au chini, na uyumbaji huo ni karibu uleule kwa Mwanza peke yake au kwa nchi nzima. Mama hakuhitaji bambo refu zaidi kwa kuwa ghala limejaa. Alihitaji kulichoma mahali pasipochaguliwa na mwenye gunia. Watu 100,000 waliojichagua wenyewe kupiga kura kwenye simu wanaweza kukupoteza kuliko 1,000 waliotolewa kwa kura.

Kwa hiyo usihangaike sana na idadi. Uliza nani alikuwa na nafasi ya kuulizwa na nani hakuwa nayo. Utafiti wa kupiga simu unamwacha asiye na simu, na asiye na simu mara nyingi ni mwanamke, ni mzee, ni wa kijijini. Ndiyo sababu mradi wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza, unaokusanya maoni ya watu kwa simu, ulipoanza miaka ya 2012 na 2013, ulichagua kaya zipatazo 2,000 kwanza, ukazipa simu na chaja za sola, halafu ndipo ukaanza kupiga.

Na wakati nao ni sehemu ya gunia. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu huvua usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za sola, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi. Mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu. Sasa fikiria mtafiti aliyetoka mbali akafika mwaloni wiki ya mwezi mpevu, akauliza kila mvuvi: "Jana umepata shilingi ngapi?" Atajaza fomu 300 kwa uangalifu, hatamruka hata mmoja, na ataondoka na picha ya umaskini usiokuwapo. Mwenzake akija wiki ya giza ataondoka na picha ya utajiri usiokuwapo pia. Hakuna mvuvi aliyedanganya. Anayeujua mwezi angepanga ziara zake zigawanyike mwezi mzima.

Limebaki neno "nadharia" lenyewe. Katika mazungumzo yetu "hiyo nadharia tu" maana yake ni maneno matupu, yale ya darasani. Wanasayansi wana neno lao la wazo ambalo bado halijajaribiwa: nadharia tete. Nadharia kamili ni wazo lililotoa ubashiri, likawekwa mahali pa kushindwa, likasimama.

Ziwa hili limezaa mojawapo. Furu, wale samaki wadogo tuliokuwa tukiwavua kwa ndoano utotoni, wana spishi zinazokadiriwa kufika 500, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Mwaka 1996 timu iliyoongozwa na Thomas Johnson ilieleza kwamba ziwa lote lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, kisha likajaa tena, takriban miaka 15,000 iliyopita. Kama ni hivyo, utajiri wote ule wa furu umetokea ndani ya muda mfupi wa kushangaza. Ubashiri ulikuwa wazi: toboa chini ya tope hata katikati ya ziwa, penye kina kirefu, na utakuta udongo wa nchi kavu. Walitoboa, wakakuta tabaka gumu lenye mabaki ya mizizi. Wengine, kama Geoffrey Fryer aliyeandika mengi juu ya samaki wa Afrika Mashariki, walikataa. Muda ni mfupi mno, walisema. Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba furu wa ziwa hili wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za zamani zilizokutana, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, na urithi ule mchanganyiko uliwapa mtaji wa kuanzia. Pingamizi la Fryer lilikuwa la haki, na kulijibu kuliipa nadharia kina kuliko ilivyokuwa nacho mwanzo.

Lakini spishi mbili hukaaje jiwe moja bila kuchanganyika? Kuna wawili ambao majina yao yananipa fahari: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya bluu na mistari, na Pundamilia nyererei, mwekundu mgongoni, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walisema majike huchagua dume kwa rangi. Wazo zuri, lakini tete. Wakaliweka majaribuni: wakawaweka samaki chini ya mwanga wa kawaida, majike yakafuata madume ya aina yao. Wakabadilisha mwanga uwe wa rangi moja ya chungwa, bluu na nyekundu zisitofautike, na majike yakashindwa kuchagua. Ziwani nako ilikuwa hivyo: kwenye maji maangavu, kama kisiwani Makobe, spishi zimetengana, kwenye maji yaliyotibuka zimechanganyikana. Uchafu tunaoumwaga ziwani unafuta mipaka ambayo ilichukua maelfu ya miaka kujengeka. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilishuka hadi ufukweni, nikakaa.

Hata hapa bambo lilihusika. Sangara walipofurika katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, nyavu za kukokota chini ya maji, ambazo zamani zilijaa furu, zilitoka karibu tupu, na ilionekana wamekwisha. Hasara ilikuwa ya kweli na kubwa mno. Ila wavu wa kukokota haupiti kwenye miamba, utachanika. Watafiti walipokwenda kutafuta kwenye mawe kuanzia miaka ya 1990, walikuta spishi zaidi ya 100 zimejificha humo.

Mfano wa mwisho bado una ubishi. Magugu maji yaliyofunga ghuba zetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalipungua sana mwishoni mwa muongo ule. Wapo wanaosema ni fukusi waliofugwa na kuachiwa wayale, wapo wanaosema El Niño ya 1997 na 1998, kwa mawimbi yake na mawingu ya muda mrefu, ndiyo iliyoyapiga. Fukusi walitangulia, ndiyo, lakini kutangulia hakutoshi kuwa sababu. Mimi naona hoja ya fukusi ina nguvu zaidi, maana magugu yalipungua pia katika nchi nyingine walikoachiwa, bila El Niño hiyo. Akija mtu na ghuba ambayo haikuwa na fukusi na magugu yakapungua vilevile mwaka ule, nitaanza kufikiri upya.

Baba mdogo amerudia vidonge. Nimemnunulia kipimo cha presha na daftari la mistari, na tumebishana jambo moja tu. Yeye alitaka kupima akijisikia vibaya. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni kuchoma gunia sehemu moja." Alinyamaza, akachukua rula yake ya useremala, akachora safu. Anapima Jumatatu na Alhamisi, saa 12 asubuhi kabla ya chai, ajisikie vizuri au vibaya, na wiki iliyopita aliniita nione namba aliyoiandika asubuhi ambayo, kwa maneno yake, alikuwa mzima kabisa.